Leso ya Luzira: Kazi Yangu ya Kuwatembeza Wageni wa Meli

Siku yangu ya kwanza kazini nilisema uongo, na uongo huo ulinilisha miaka mitatu. Bwana Wakala, mkuu wa ofisi iliyopokea abiria wa meli pale gati la Luzira, alinipa karatasi akaniuliza, "Mama Rehema, unajua kusoma?" Nikajibu, "Vizuri sana." Nilikuwa nimefika darasa la pili tu huko Bombo, nikatolewa shule kwenda kulea wadogo zangu. Herufi nilizikumbuka kama mtu anavyokumbuka majirani wa zamani: sura nazijua, majina yamenitoka.

Ninyi wajukuu mnaoniita Haboba mnadhani watalii wameanza juzi. Wakati ule wa serikali ya kijeshi, kabla nchi zetu tatu hazijagombana, palikuwa na meli iliyozunguka ziwa zima na kugusa bandari moja baada ya nyingine. Kwetu ilifika saa mbili asubuhi na kuondoka saa tisa mchana. Saa saba basi, na katika hizo saa saba mgeni alitaka aione Kampala, ale, anunue kitu na arudi akiwa mzima. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na Kiswahili cha kambini kutoka kwa baba, Kiganda cha sokoni, Kiingereza cha kuombea njia, na mdomo usiolala.

Bwana Wakala alikuwa Mgoa, asili yake Goa kule India, mfupi, shati limepigwa pasi hata mgongoni ambako hakuna anayeangalia. Sijaona mtu aliyejua kazi kama yule. Alinifundisha kwamba honi ya kwanza ya meli hulia saa nane, kuwaita abiria. Ya pili hulia robo saa kabla ya kuondoka. Ikilia ya tatu, ngazi inapandishwa, kamba zinafunguliwa, na aliye nje yuko nje. "Meli haimngoji mtu," aliniambia. "Hata mke wa nahodha."

Nilipotaka kuwapeleka wageni Ggaba wakaone mitumbwi na samaki, aliniangalia kama nimemwagia chai vitabu vyake.

"Mama Rehema, hawa wametoka wapi?"

"Ziwani."

"Wanarudi wapi?"

"Ziwani."

"Sasa wewe unataka kuwaonyesha nini?"

Hilo ndilo somo kubwa la mapito mafupi, nami nawapa bure. Mtu akipita kwenu kwa saa chache, usimwonyeshe alichonacho, na usimwonyeshe kila kitu. Kampala ina vilima vingi, na wenzangu wa mjini waliwakimbiza wageni kilima hadi kilima mpaka wakarudi melini hawajui waliona nini. Mimi nilikuwa na vitu vitatu tu. Kwanza, msikiti wa Kibuli, kwa sababu kutoka pale juu mji wote unauona bila kuutembea. Halafu makaburi ya wafalme kule Kasubi, uvue viatu, ukae kwenye mkeka, unyamaze kidogo. Mwisho soko la Nateete. Hapo niliwaacha wagombane na wauza ndizi, na wakati wa senene, wale panzi wetu wa msimu, niliwalisha wa kukaanga. Mzungu akitafuna senene wa kwanza uso wake unakunjamana. Akifika wa kumi anakunyang'anya sahani.

Kuhusu kusoma, nilijitengenezea njia yangu. Orodha ya majina niliishika mkononi kwa heshima, lakini watu niliwahesabu kwa tasbihi. Kila mgeni akishuka, punje moja. Kila tulipopanda basi, nilizipitisha tena kimya kimya. Wazungu walidhani namwomba Mungu, nami sikuwakatalia, maana kwa kiasi fulani nilikuwa naomba. Sikupoteza mtu hata mmoja.

Kitu changu kingine kilikuwa kifurushi cha leso, hizi kanga zetu. Bwana Wakala ndiye aliyeanzisha, ili wanawake wajifunge wakiingia msikitini na makaburini. Baadaye ikatoka amri ya mavazi, goti la mwanamke likawa jambo la serikali. Watalii hawakuwa wamesikia habari hiyo, walishuka ngazi na visketi vya kuonyesha mapaja yote. Kwa hiyo nilisimama chini ya ngazi nikiwafunga mmoja mmoja, kama mama anayewaandaa watoto kwenda harusini. Leso hizo nilizinunua mwenyewe Nateete. Nilichagua kwa rangi.

Halafu Wahindi wakaambiwa waondoke, na Wagoa pamoja nao. Siku ya mwisho Bwana Wakala alifunga madaftari yake, akafuta meza, meza ambayo haikuwa yake tena, akaniita.

"Mama Rehema, wewe hujui kusoma."

Nikauliza, "Bwana alijua lini?"

"Siku ya kwanza. Ulishika orodha kichwa chini." Akacheka kidogo. "Nilingoja umpoteze mtu nikufukuze. Hukumpoteza. Lakini jifunze. Kuna siku herufi zitakuja kukudai."

Aliondoka na sanduku moja. Nawaambia wajukuu, watu wakubwa nimewaona wengi na magari yao mbele na nyuma. Yule wa sanduku moja ndiye ninayemwita mkubwa.

Badala yake tukaletewa mwanajeshi. Tulimwita Bwana Kapteni. Alikuwa mrefu, mzito, hajawahi kufanya kazi ya abiria, na siku ya kwanza alitupanga mstari ofisini kama askari wa gwaride. Dereva wetu wa basi, Opio, mtu wa Lango, alisimama nyuma yangu akijifanya ukuta.

"Mimi hapana jua mambo ya meli," alisema Bwana Kapteni. "Najua kitu moja. Mkipoteza mzungu, mimi napotea. Na kabla mimi kupotea, nyinyi mnatangulia."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Siku zile neno kupotea lilikuwa na maana yake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Tulikuwa na wageni kumi na wanne. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwalimu, mcheshi, mwenye sketi fupi kuliko zote. Nikamfunga leso nyekundu yenye korosho nyeupe pembeni, nzuri kweli. Tukaenda Kibuli, tukaenda Kasubi, tukala Nateete. Saa nane na dakika chache tulikuwa njiani kurudi, punje kumi na nne, kila kitu sawa. Nikawaambia kama kawaida, "Kamera chini ya viti," maana mbele kulikuwa na kizuizi cha jeshi, karibu na reli ya kuingilia Luzira.

Kwenye vizuizi Opio hakusema neno. Jina lake peke yake lilitosha kumponza: rais aliyepinduliwa alikuwa mtu wa kwao, na watu wa kwao walikuwa wanatafutwa. Aliangalia usukani, mimi nikaongea. Lakini siku ile wakatuamuru tushuke wote. Yule mwalimu akashuka, akageuka kumsaidia mwenzake, na askari mmoja kijana akaanza kusoma maandishi ya leso yaliyokuwa yamemkaa hapo nyuma.

"U-ku-bwa... ja-ra-ra."

Sajini wao akakunja uso. "Nasema nini?"

"Ukubwa jarara, afande."

"Jarara ndiyo nini?"

"Jalala, afande. Pahali pa kutupa takataka."

Sajini akanizunguka polepole. "Wewe mama. Mkubwa wa Uganda ni wangapi?"

"Mmoja, afande."

"Sasa hii mzungu yako nasema mkubwa ni takataka. Na ameandika kwa matako!"

Ndipo nilipoelewa maneno ya Bwana Wakala. Herufi zimekuja kudai. Leso ile nilikuwa nimeifua mara ngapi, nimeikunja mara ngapi, sikujua ilichosema. Honi ya pili ikalia kutoka gatini. Robo saa. Wageni walitazama saa zao, wakanitazama mimi. Opio hakutazama kitu. Nikajua wakimuuliza jina, basi letu halitaondoka na dereva.

Nikasema, kwa sauti ya mama anayezungumza na mtoto wa dada yake, "Mwanangu afande, hiyo ni methali ya pwani. Haimtukani mkubwa, inamhurumia. Jalala halichagui. Kila mtu anakuja na uchafu wake, nalo linapokea. Ndivyo ukubwa ulivyo. Wewe hapa ni mkubwa wa kizuizi. Hebu niambie, tangu asubuhi umetupiwa nini?"

Akaacha kunizunguka. Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Tangu asubuhi?" alisema. "Saa moja nimeletewa mlevi wa Kansanga, ametapika kwa gari yangu. Halafu lori ya samaki ya Ggaba, hapana karatasi, imenimwagia maji ya samaki kwa viatu. Halafu simu ya mkubwa wangu, matusi tu. Sasa wewe na mzungu."

Yule askari kijana akajisahau akacheka. Sajini akamgeukia, mimi nikafunga macho. Halafu nikamsikia sajini mwenyewe anaanza kucheka, taratibu. "Kweli. Mimi ndiyo jarara."

Akanyoosha mkono. "Lakini hii leso hapana pita. Yeye navua hapa. Nitapelekea bibi yangu, yeye ndiye ananitupia zaidi."

"Afande," nikasema, na hapo nilikuwa nimechoka kuogopa, "akiifunga, ni kosa la maandishi. Akiivua, ni kosa la goti. Avae nini, gunia la mkaa?"

Sikungoja jibu. Nilikuwa na leso yangu mwenyewe, niliyojitanda kichwani mpaka mabegani. Mimi ni mwanamke wa Kinubi, Mwislamu, nilikuwa sijawahi kusimama barabarani kichwa wazi mbele ya wanaume. Niliivua nikampa sajini. "Isome kwanza. Mimi sijui kusoma." Ndiyo mara ya kwanza kutamka hivyo mbele ya watu.

Akaisoma polepole kwa kidole. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akairudia. Akamtazama mwalimu, akanitazama mimi na nywele zangu zenye mvi za mapema. "Hii ni sawa," alisema. "Funga yeye. Nendeni." Ile nyekundu akabaki nayo.

Opio aliendesha basi lile kama ambulensi. Honi ya tatu ilitukuta hatujafika geti. Nikasema moyoni, basi, tumepotea. Lakini tulipoingia gatini nikaona kitu ambacho nitakisimulia mpaka niingie kaburini. Ngazi ilikuwa bado chini, na katikati yake amesimama Bwana Kapteni, buti moja kwenye ngazi, jingine kwenye saruji. Juu nahodha anapiga kelele kwamba meli haimngoji mtu.

"Meli hapana ngoja mtu," Bwana Kapteni akamjibu. "Yeye nangoja buti yangu. Ukipandisha ngazi, pandisha na mimi."

Punje kumi na nne zikapanda. Mwalimu alitaka kunirudishia leso, lakini nahodha hakuwa na subira tena. Bwana Kapteni akanikuta nimesimama kichwa wazi. Alivua kofia yake ya jeshi akanipa, nikaenda nayo mpaka ofisini, Opio akijizuia kucheka njia nzima. Nilikuwa nimemhesabu Bwana Kapteni miongoni mwa wabaya. Siku ile nilihamisha punje yake.

Wiki ile ile nilijiandikisha darasa la watu wazima Kibuli, nikakaa benchi moja na wauza mboga. Nilipoweza kuunga silabi nilifungua kifurushi changu cha leso, nikazisoma moja moja, Opio akinisikiliza. Mungu anisamehe! Miaka mitatu nilikuwa namfunga mke wa mchungaji "Wivu wako utakukondesha." Bibi harusi nilimfunga "Nilikudhani dhahabu, kumbe shaba." Opio alicheka mpaka akakaa chini.

Meli ziliendelea mpaka nchi zilipogombana, kisha hazikuja tena. Nikauza chai gatini, nikazeeka, nikapumzika. Mnaniuliza kazi ile ilinipa nini, maana nyumba kubwa hamwioni. Ilinipa watu. Nilimjua Mgoa aliyenifichia aibu yangu, na dereva aliyeendesha huku anaogopa asikose zamu hata moja, na mwanajeshi aliyeweka mguu wake mahali palipohitaji mguu.

Na ilinipa leso yangu ile ya kichwani. Safari iliyofuata, mkuu wa vyumba wa meli alishuka nayo, imefuliwa, imekunjwa. Nilingoja mpaka darasa lianze kuniingia, ndipo nikaitandika kitandani nikaisoma mwenyewe, kidole chini ya kila herufi. Ilinichukua muda mrefu kuliko kutoka honi ya pili hadi ya tatu. Lakini nilifika mwisho, na sikuacha herufi hata moja gatini.