Safari ya Kumchunguza Mtengeneza Magari wa Kizota

Kaka yangu Hamisi alipoletewa posa ya binti yake Rehema, aliuliza swali moja tu: huyo kijana anafanya kazi gani? Washenga wakajibu kwamba kijana, jina lake Idrisa, anatengeneza magari Dodoma. Kaka akasema vizuri, fundi gereji, kazi ya halali. Wakamsahihisha. Hatengenezi yaliyoharibika, anayaunda mwenyewe tangu mwanzo: magari madogo ya michezo, mepesi, ya watu wawili, tena yenye namba na bima, yanayoruhusiwa kutembea barabarani kama gari lingine lolote. Kaka akaniangalia, nami nikamwangalia.

Mimi nauza vitenge sokoni Morogoro tangu Rehema anabebwa mgongoni. Mtu akiniletea kitambaa na kuniambia kimefumwa mahali ambapo sijawahi kusikia panafumwa kitu, nakigeuza upande wa pili kwanza. Wageni walipoondoka kaka akaniomba niende nikaone kwa macho yangu. Nikakubali, kwa sharti kwamba mtu yeyote asipewe taarifa, hata Rehema mwenyewe, ambaye anafundisha shule ya msingi hukohuko Dodoma.

Jumanne asubuhi nikapanda treni. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa bwana mmoja wa ofisini, mwenye koti na mkoba, mwongeaji. Tulipopita Gulwe, nchi ilikuwa imeshabadilika: milima ya kijani tumeiacha nyuma, mbele ni udongo mwekundu, mawe, miiba na ng'ombe waliokonda. Akaniuliza naenda kumtembelea nani. Nikamweleza kidogo, bila kutaja jina. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Dodoma tunalima zabibu, mama," akasema. "Magari yanatoka Japani."

Kisha akanisogelea na kuniambia kwamba wako watu wanaochinja magari ya wizi, injini huku, milango kule, na ukiunganisha vipande vya magari matano unapata la sita lisilo na mwenyewe. Maneno yake nilishuka nayo stesheni.

Dodoma ilinipokea kwa upepo na vumbi. Nikachukua bajaji hadi Kizota, kwenye eneo la viwanda, na dereva hakuwa na habari ya kiwanda chochote cha magari. Tulizunguka. Mwishowe muuza mabati mmoja akatuuliza, wale wa magari ya kuchezea? Akatuelekeza kwenye geti la bluu mwisho wa uchochoro. Halikuwa na kibao. Ilikuwa mchana kweupe, na geti limefungwa kwa ndani.

Nikagonga. Akafungua kidogo mwanamume mnene mwenye aproni iliyotobolewatobolewa na cheche. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Mathayo, mchomeleaji, mwenyeji wa Mvumi. Akaniambia kwa adabu kwamba hawapokei wateja. Nikasema sikuja kununua, namtaka Idrisa. Akasema Idrisa hayupo. Nyuma yake mashine ya kukatia chuma ilikuwa ikilia.

"Na hiyo mashine inajiendesha yenyewe?" nikamuuliza.

Hakuwa mzoefu wa kudanganya. Akabaki ameshika geti, nami nikapita chini ya mkono wake.

Ndani kulikuwa safi kuliko nilivyotarajia, na hilo nalo likanitia shaka. Ukutani yamepangwa mabomba membamba ya chuma na maumbo ya faiba kama maganda ya kobe. Pembeni yapo magari matatu yamefunikwa maturubai. Nikafunua la kwanza. Lilikuwa jekundu, linang'aa, paa hakuna, urefu wake haufiki kiunoni kwangu. Gari zuri, sitasema uongo. Lakini magurudumu yamefunguliwa, na pale mbele ambapo namba hukaa palikuwa na matundu ya skrubu tu. Namba zenyewe nikaziona zimeegemezwa ukutani, jozi tatu. Nikamkumbuka yule bwana wa kwenye treni.

Mashine ikanyamaza. Kijana mrefu akatoka chumba cha nyuma akivua miwani ya kazi, akaniamkia shikamoo kabla hajajua mimi ni nani. Nikaitikia, kisha nikamwambia ni shangazi yake Rehema. Uso ukamshuka, akaagiza soda.

Nikamuuliza magari haya ni ya nani. Akasema ya wateja. Mbona yamevuliwa namba? Akasema yako kwenye matengenezo. Yote kwa mpigo? Akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Nikasema basi, arudishie magurudumu ya hilo jekundu, tuzunguke mpaka barabara kubwa turudi, nami nikamwambie kaka kwamba nimelipanda.

"Hapana, shangazi," akasema. "Hakuna gari linalotoka hapa."

Nilingoja aseme sababu. Yeye akaokota turubai akalifunika tena lile jekundu, na Mathayo alikuwa anaangalia sakafu. Soda niliiacha haijafunguliwa.

Jioni nilikwenda kwa Rehema. Alishtuka kuniona, na alipojua nimetoka wapi, aliumia. Nikamwacha alalamike. Alipomaliza nikamuuliza kama amewahi kuyapanda magari hayo. Akasema bado, Idrisa humwonyesha picha kwenye simu na kumwambia kazi inakwenda vizuri sana, maombi yanatoka hadi Dar. Na karakana? Hajaingia tangu masika, kila akitaka kwenda kuna jambo. Alisema hayo huku akichagua mchele, na nikaona kwamba hata yeye alikuwa amekwishajiuliza. Mteja aliyemjua kwa jina alikuwa mmoja tu, mfanyabiashara wa mpunga kule Bahi, Mzee Ndahani.

Jumatano nikaamkia Bahi. Majaruba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji ya mifereji mpaka karibu na barabara, na mwenye bodaboda alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kukoboa. Mzee Ndahani alikuwa amekaa juu ya magunia, kofia ya pama kichwani. Akanisalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, nikaitikia nilivyoweza. Nilipotaja Idrisa, akakunja uso.

"Gari langu kalichukua," akasema.

Nikamuuliza, "Amekuibia?"

Akafikiri. "Aliyeibiwa hajui mali yake iko wapi. Mimi najua iko wapi, ila hataki kunipa."

Akanieleza yote. Gari alilinunua kihalali, na kadi yake na bima akanitolea nikaziona. Alisema matrafiki walikuwa wakimsimamisha kila mara, wakishakagua wanapiga nalo picha. Siku moja wakati wa masika alikuwa anarudi kutoka Dodoma polepole, gurudumu la mbele likalala upande. Chuma kinachoshika gurudumu kilikuwa kimepasuka mahali kilipochomelewa. Yeye hakuona jambo kubwa, akampigia simu Idrisa aje akichomelee tena. Idrisa alifika na bodaboda siku hiyohiyo, akalala chini ya gari muda mrefu, akainuka na sura ya mtu aliyetoka mazikoni. Akasema kiungo kile amekiunda namna ileile kwenye magari yote aliyouza. Akalichukua. Akalifuata jingine Arusha, na jingine Dar.

"Nilimwambia nitaendesha taratibu," Mzee Ndahani akasema. "Kijana mkaidi. Ukirudi, mwambie nataka gari langu."

Nilirudi mjini nikiwa nimechanganyikiwa. Mwizi niliyemfuata nilikuwa nimempoteza, lakini moyo haukutulia. Nikampitia Rehema shuleni, tukaenda pamoja Kizota. Safari hii geti alifungua Idrisa mwenyewe. Nikamwambia nimetoka Bahi. Hakubisha. Akatuonyesha viungo alivyokata na vipya alivyounda, vinene zaidi, vingine amevivunja kwa makusudi kuvijaribu. Namba na magurudumu alivivua ili mtu asiyatoe magari barabarani kabla hajamaliza. Tangu masika, alisema, hajaunda gari jipya hata moja.

Rehema hakuviangalia vyuma. Alikuwa anamwangalia yeye.

"Ulipowatuma washenga kwa baba, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na picha ulizokuwa unanionyesha?"

"Za zamani."

"Mzee Ndahani ulimweleza siku hiyohiyo."

Idrisa akakaa juu ya gurudumu. "Yeye alikuwa na gari la kunirudishia," akasema. "Wewe nilijua ungeondoka tu."

Rehema akafunga mtandio vizuri, akatoka. Mathayo akafunga mtungi wa gesi, akatoka naye kumfungulia geti.

Alhamisi Rehema alinisindikiza stesheni. Njia nzima aliniongelea habari za wanafunzi wake. Treni ilipotangazwa ndipo aliponishika mkono, akaniomba nimwambie baba yake asiwajibu washenga. Jibu atalitoa mwenyewe, alisema, na hajui lini.

Morogoro nilifika mvua inanyesha. Kaka alikuwa barazani ananisubiri, hata mizigo hakuipokea.

"Ni mwizi?"

Nikamwambia si mwizi, nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi. Mwanzo alifurahi, kisha akakasirika kwamba kijana asiye na kazi inayokwenda amethubutu kuleta posa. Nikamfikishia ombi la Rehema, kisha nikamwambia nilichojifunza. Nilikwenda nikiyashuku magari, na magari ndicho kitu pekee ambacho kijana yule hakisemei uongo. Chuma kikimshinda, anasema kimemshinda, hata kama mwenye gari hajalalamika. Kwa mtu anayempenda, akishindwa, anafunga geti. Sijui mtu wa namna hiyo hubadilika au habadiliki. Shaka yangu sikuiacha Dodoma, nimerudi nayo.

Kaka akauliza, "Wewe ungekuwa mimi, ungekubali?"

"Akimaliza kulitengeneza, gari lake ningelipanda siku hiyohiyo mpaka Mwanza," nikamwambia. "Lakini binti, kijana amsubiri kwanza."