Vitobo vya Bi Salma

Juzi, sokoni Nizwa, huku Omani, niliona kofia yenye vitobo vya darizi vilivyopinda, nikaudhika kama ninavyoudhika siku zote nikiona kazi mbovu.

Nilipokuwa mdogo, mama na wanawake wenzake wa kijijini walianzisha mradi wa kudarizi kofia. Kila alasiri sebule yetu ilinukia kahawa na iliki. Mimi nilifumulishwa kila nilipokosea. Bi Salma, jirani yetu mzee, vitobo vyake vyote vilikwenda upande, naye akisifiwa: "Mashaallah, mkono huo!" Akishaondoka, wenzake waliifumua kazi yake na kuidarizi upya. Niliona ni upendeleo mtupu. Sikujua kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha.

Alasiri moja nilichoka, nikasema mbele yake: "Mbona za Bi Salma mnazifumua kila siku, na mimi tu ndiye ninayegombezwa?"

"Huna adabu we!" mama alifoka.

"Mwache," alisema Bi Salma, akiupapasa mtandio wake mkekani. "Mimi siku nyingi najua. Lakini wao walikuwa hawajui kama najua, ndiyo nikaweza kuja. Kesho nitakuja na uso gani?"

Hakuja. Mama akanikalisha mahali pake, karibu na dirisha, na nakiri kwamba nilifurahi: palikuwa na mwangaza mzuri.