Mkungu wa Ndizi Uliopanda Ndege

Juzi, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Arusha, nilipanga foleni nyuma ya bibi mmoja wa Kikatiti. Binti yake amejifungua Dar, naye anampelekea mkungu wa ndizi mbichi za mtori, ile supu ya ndizi na nyama wanayopewa wazazi.

"Shikamoo bibi. Mzigo umezidi," alisema dada wa kaunta. "Si ungepanda basi?"

"Marahaba. Basi ni kutwa nzima, mwanangu, na joto lile! Ndizi mbivu haipiki mtori. Ndege ni saa moja tu."

Akafungua begi lake lililokuwa kwenye mizani pamoja na mkungu, akavaa vitenge vyake vyote vinne, kimoja juu ya kingine.

"Haya, pima tena."

Mzigo ukapita. Foleni nzima tukapiga makofi.

Sasa nimeelewa tofauti: kwa basi ndizi hufika mbivu, kwa ndege hufika mbichi, ila bibi hufika amenenepa.