Kisahani Chekundu cha Kikapu cha Sita

Kuna watu wamepewa makalio ya bure, na Terhi Kuparinen alikuwa mmoja wao. Tangu kiwanda cha karatasi alikofanya kazi kifungwe, miaka mitatu sasa, hakuna kiti kilichoweza kumshika zaidi ya dakika tano. Kahawa alikunywa amesimama. Madirisha aliyaosha Jumanne na Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Hata kwenye sauna ya jengo, chumba cha mvuke ambamo Mfini yeyote hutulia kama jiwe, yeye alipanda benchi la juu, akashuka, akamwaga maji kwenye mawe ya moto, akapanda tena, mpaka wanawake wa zamu yake wakahamia Alhamisi.

Aliyeumia zaidi ni Unto, dereva wa basi mstaafu aliyeishi chini yake. Alasiri moja ya Agosti alipanda ngazi na visahani viwili vya plastiki mkononi na chupa ya kahawa kwapani.

"Terhi, dari yangu imechoka," alisema. "Twende ukakanyage nyasi za manispaa."

Nyuma ya shule kulikuwa na uwanja mdogo wa mchezo wa kurusha visahani, wenye vikapu tisa, ule wanaoanzia watoto na wazee. Kikapu chenyewe ni nguzo yenye minyororo inayoning'inia na sinia la chuma chini yake. Unarusha kisahani, unakifuata kilipoanguka, unarusha tena, mpaka minyororo ilie. Unto alimweleza hayo kwa maneno machache, kisha akakaa kwenye kisiki amwone.

Terhi alirusha kwa nguvu zote. Kisahani kilikata kushoto kikagonga msonobari.

"Usirushe kama mtu anayevunja vyombo," Unto alimwambia. "Huyo uliyemkasirikia hayupo hapa."

Lakini alikuwepo, kichwani mwa Terhi, kama alivyokuwepo kila siku. Jina lake Ensio, kaka yake wa damu, na kiwandani alikuwa msimamizi wa zamu. Siku ya kufunga yeye ndiye aliyepewa orodha ya wanaoondoka. Aliisoma kama ilivyoandikwa, jina la ukoo mbele, bila kuinua macho. Alipofika kwenye herufi ya K alisoma "Kuparinen, Terhi," kwa sauti ile ile aliyomsomea fundi wa boila, akaendelea na anayefuata. Kazi ingekwisha tu, Terhi alilijua hilo. Kilichomkaa kooni ni yale macho. Angeyainua mara moja, basi. Tangu siku hiyo akimwona Ensio upande huu wa barabara, yeye huvuka ule. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Terhi sasa alikuwa na vikapu tisa na hana cha kuvuna.

Walikwenda hivyo, Unto akitania, Terhi akitangulia hatua ishirini mbele kila mara kwa sababu miguu ilimkataza kungoja. Kwenye kikapu cha sita kisahani chake kilitumbukia kwenye majani yawashayo. Akaingia na mikono mitupu, akijikuna na kulaani, na chini ya jani moja akakuta kingine. Kilikuwa chekundu, kimeshika ukungu, na mgongoni kimeandikwa namba ya simu kwa wino usiofutika.

"Hapo una wajibu," Unto alisema. Akamweleza desturi, maana katika mchezo huu kila mtu huandika namba yake, na anayeokota humtumia mwenyewe ujumbe. Mwenyewe hujibu moja kati ya mawili: nakuja kukichukua, au baki nacho. "Kuiba mke wa mtu watu watakusamehe. Kukaa kimya na kisahani cha mtu, hapana."

Terhi hakumsikia. Alikuwa akiitazama ile namba. Saba zake zilikatwa mstari katikati, kama mama alivyowafundisha yeye na Ensio, na tarakimu zenyewe alizijua kwa moyo tangu simu za mkononi za kwanza zilipofika mjini.

"Nitakirudisha kwenye majani," alisema.

"Nipe, niandike mimi."

"Usikiguse."

Akaandika mwenyewe: *Kisahani chekundu, kikapu cha sita.* Akatuma, akatia simu mfukoni, akaitoa, akaitia tena. Kikapu cha saba alikikosa mara nne. Cha nane hata Unto aliacha kuhesabu. Alijichukia kwa hilo. Mwanamke wa miaka hamsini na saba anangoja neno kutoka kwa mtu anayemkimbia barabarani. Simu ililia wakiwa kwenye cha tisa.

*Asante. Baki nacho.*

Aliisoma mara mbili. Kisha alicheka kicheko kibaya akampa Unto aone. "Umeona? Hata kisahani hataki kukipokea mkononi mwangu. Mimi ni mtu wa orodha tu."

Unto alisoma polepole, simu akiishika mbali kwa ajili ya macho yake. "Jina lako liko wapi?"

"Jina la nini? Ananijua."

"Ananijua, ananijua. Hii namba yako umekuwa nayo tangu lini?" Unto aliuliza.

Terhi alihesabu miaka. Simu yake ya zamani ilikuwa mali ya kiwanda. Aliirudisha siku ile ile, pamoja na ufunguo wa kabati. Hii aliinunua baadaye, na Ensio hakuwahi kupewa namba yake. Alidhani anamjibu mpita njia.

Alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyosimama mahali popote kwa miaka mitatu. Mwishowe aliandika maneno mawili, kama alivyosomewa: *Kuparinen, Terhi.*

Jibu lilikuja kabla hajashusha mkono. *Nakuja. Usiondoke.*

Unto alimmiminia kahawa, akampa kipande cha mkate mtamu wa iliki, akajifanya ana shughuli na kamba ya kiatu. Terhi alikaa kwenye benchi. Goti lilicheza, lakini alikaa, dakika tano zikapita, zikapita kumi.

Ensio alifika kwa baiskeli, ndara za ndani miguuni. Aliiangusha kwenye nyasi bila kuisimamisha. Alimtazama usoni, moja kwa moja.

"Terhi," alisema, na jina la ukoo hakulitia.

Terhi alimnyooshea kisahani. "Ungeweza kupiga simu, wewe Ensio. Miaka mitatu."

"Nilipiga ile namba yako ya kiwandani. Nilipiga mwaka mzima, haipokelewi, kisha ikapokelewa na mama mmoja wa mji wa Oulu, aliyepewa namba hiyo." Alikishika kisahani upande wake, naye Terhi hakukiachia. "Mlangoni kwako niliogopa. Yule mama nimemweleza yote. Kila Krismasi huniuliza kama nimeshakupata."