Karatasi Isiyokuwa na Kichwa

Igoki ni fundi cherehani katika soko la Kanja. Alifanya mtihani wa siku tatu wa darasa la nane akitetemeka kwa malaria, na siku hizo tatu zikamfungia mlango wa sekondari. Kwa hiyo kamati ya serikali ilipokuja kukusanya maoni kuhusu mitihani, alifunga kibanda, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaita majirani.

Kikaoni alisema, "Mtoto apimwe kwa kazi ya mwaka mzima, si kwa siku tatu." Watu walipiga makofi.

Mlangoni karani alikuwa na karatasi tupu zilizopigwa mistari. "Ni mahudhurio tu, mama. Ukiweka sahihi, unapewa soda." Igoki aliwapanga watu foleni, wazee wasioweza kuandika akawashika mkono.

Miezi minne baadaye ripoti ilibandikwa kwa chifu. Mtihani ungebaki ulivyokuwa. Majina yao yote yalikuwa chini ya neno "Walioafiki".

Jirani yake, Mama Njuki, alikuja kibandani kuchukua kitambaa chake cha sare ya shule kabla hakijashonwa. "Kumbe ulituita tuuze watoto wetu kwa soda?"

"Karatasi haikuwa na kichwa, Mama Njuki."

"Lakini mkono wangu ulishikwa na wewe."

Igoki alikunja kitambaa, pembe kwa pembe, akamrudishia.