Majani ya Mgomba Juu ya Boneti

Baba alinipa siku saba. Gari lake, Pejo ya zamani aliyoinunua kabla sijazaliwa, lilikuwa limeshaahidiwa mnunuzi wa chuma chakavu ambaye angekuja Jumatatu na lori. "Jumapili tutakwenda nalo kanisani," aliniambia. "Likivuja tone moja tu la mvua, Jumatatu linaondoka. Na usinililie."

Mimi si mtu wa kulia. Mimi ni fundi wa rangi hapa Kayanga, tena mwanamke, jambo ambalo watu wote wamechoka kulishangaa isipokuwa baba. Kwake nilikuwa bado yule binti aliyeacha ualimu akaenda kunusa thina ya kuchanganyia rangi. Nililitaka gari lile kwa sababu nimekulia kwenye kiti chake cha nyuma, lakini nisijidanganye: nilitaka pia aione kazi yangu, angalau mara moja.

Adui yangu alikuwa mlango wa nyuma wa kushoto. Raba yake ya kuzuia maji ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino wakati wa kiangazi, na upande huo ndio aliokaa mama. Tangu nipate akili nimemwona akisafiri na khanga iliyokunjwa begani, ya kupokea maji. Hakulalamika, alisogea tu. Kila masika baba aliahidi raba mpya.

Raba ya gari lile haipatikani tena. Nilinunua ya basi, nikaichonga kwa wembe hadi vidole vikaota sugu. Mikanda ya nikeli ya pembeni niliifungua, nikaisugua kwa majivu na limau. Nikajaza pati kwenye mabonyeo, nikapiga msasa, na Ijumaa asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi, nikapuliza rangi ile ile ya maziwa. Ilikaa vizuri mno. Nililizunguka gari pale uani kwetu Kihanga nikicheka peke yangu.

Jumamosi nilipanda bodaboda kwenda Bugene kutafuta skrubu za mikanda. Wingu zito likajikusanya upande wa Kyerwa. Nikampigia mama simu: tafadhali, lifunike gari kwa turubai. Akaitika.

Lakini turubai lilikuwa chini ya kahawa iliyoanikwa. Matone ya kwanza yalipoanguka, mama alifanya ambalo mwanamke yeyote wa huku angelifanya. Kahawa akaikunjia ndani ya turubai, akachukua kisu, akaingia shambani, akakata majani mabichi ya mgomba na kulifunika gari. Kwetu majani hayo hufunika kila kitu, kuanzia chungu cha ndizi hadi pombe inayochachuka.

Mvua yenyewe ilipita pembeni. Nilirudi, nikayaondoa majani. Utomvu ulikuwa umechuruzika kutoka kwenye vikonyo hadi kwenye boneti, na ulikuwa umeshageuka kahawia. Utomvu wa mgomba hautoki nguoni. Kila mtoto wa huku amechapwa kwa ajili yake. Kwenye rangi ya siku moja ulikuwa umezama kabisa.

"Mama, umeniua," nikasema. Nilitaka kusema mabaya zaidi.

Alisimama na kisu mkononi. "Mawe!" akaguta kwa lugha ya kwetu. "Nguo nazijua, mwanangu. Gari sikulifikiria."

Baba akatoka ndani. Aliinama, akapitisha kidole juu ya alama moja, polepole. "Nani kakata majani?"

Mama akafungua mdomo. Sijui nilisukumwa na nini, maana hasira ilikuwa bado inanichemka. "Mimi," nikasema.

Alinitazama kwa muda, kisha akakitazama kisu mkononi mwa mama. "Fundi wa rangi," akasema, na sauti yake ilinichoma. "Tulikubaliana kuhusu kuvuja maji. Kesho tutaona."

Jumapili tulikwenda kanisani kukiwa kukavu. Mvua ilitukuta tukirudi, mlimani, na haikuwa ya mzaha. Baba aliendesha, mimi kando yake, mama nyuma kushoto na khanga yake begani. Maji yalipiga paa hadi hatukusikiana. Nikageuka: mama alikuwa amekinga kiganja chini ya dirisha, anasubiri.

Baba akapunguza mwendo, akasimama kabisa, akazima injini. Tukakaa. Mvua ikatuzunguka pande zote, na mimi nikaikodolea macho ile raba ya basi mpaka yakaniuma.

"Umeloa?" baba akamuuliza mama bila kugeuka.

Mama alipapasa mlango, akapapasa bega lake, akarudia mlango.

"Pakavu," akasema. Kisha akaishusha khanga, akaikunja mara nne, na kwa kuwa hakujua aiweke wapi, akaipakata. Baba akawasha injini.

Jumatatu lori lilikuja, baba akazungumza na mnunuzi pale barabarani, na likaondoka tupu. Nikachukua msasa na maji, nikaenda kwenye boneti kuanza upya. Sikuwa nimesugua hata mara tatu, baba akanishika mkono.

"Acha hapo."

"Tata, alama hizi zitaonekana siku zote."

"Zionekane," akasema. "Aliyekuwa akiloa ndani yake ndiye aliyekimbia kulifunika. Mimi sikumfunika hata siku moja."

Aliingia ndani bila kunitazama, nami nikamwaga yale maji kwenye migomba.