Safari ya Kwenda Kumlisha Zuhura

Nilisafiri kwa sababu ya picha. Mdogo wangu Zuhura, anayeishi Houston, alinitumia picha yake siku ya kumi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na mimi badala ya kufurahi nikalia. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Upasuaji ule aliuhitaji, nakiri. Sukari ilimsumbua, magoti yalimuuma, na kazi yake ya kuhudumia wazee wagonjwa ni ya kusimama kutwa. Lakini mimi ni mpishi wa shughuli hapa Tanga, nimepika pilau za harusi miaka mingi, na mtu aliyekonda nilimjulia dawa moja tu. Viza nilikuwa nayo tayari. Nikafunga mizigo.

Nilitua Dallas mchana, maana tiketi ya huko ndiyo iliyokuwa nafuu, miguu imevimba. Binamu yetu Bakari, anayefanya kazi kwenye ghala huko Fort Worth, alinipokea.

“Shikamoo dada. Pole na safari.”

“Marahaba. Zuhura anakula?”

Akacheka, akachukua begi. Nililala kwake.

Kesho yake saa tatu asubuhi tukashika barabara ya Houston. Ni mwendo wa saa nne, ardhi tambarare, malori marefu kama treni. Bakari alikuwa anatafuta namna ya kunieleza jambo.

“Dada, Zuhura hali kama sisi sasa. Wiki hii ni vyakula vya kusagwa tu. Wamempa ratiba.”

“Mimi ndiye niliyemlea,” nikamjibu. “Tangu mama afariki, nani alimlisha?”

Bakari akawasha redio.

Saa saba mchana Zuhura alitufungulia mlango wa nyumba yake ya ghorofani, mtaa wa Alief. Nilimkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima mikono yangu ilikutana mgongoni kwake. Mezani palikuwa na kisahani cha kuwekea kikombe, kijiko cha chai na chupa tatu za vidonge vya vitamini. Nikauliza sahani yake iko wapi. Akanionyesha kile kisahani.

Siku ya tatu, Bakari akiwa amesharudi kwake, nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Zuhura alisimama mlangoni mwa jiko akinusa.

“Dada, siruhusiwi wali bado.”

“Hata kijiko kimoja? Nimevuka bahari, Zuhura.”

Akakaa. Alikula kijiko kimoja, cha pili, mpaka cha tano, nami nikimtazama kwa furaha. Halafu akasukuma kisahani mbele. Akaweka mkono kifuani, macho yakajaa machozi, akakimbilia bafuni. Alitapika mpaka jioni. Asubuhi hata maji yalikuwa yanarudi, na alipopiga simu kwa daktari wake akaambiwa aende hospitali mara moja.

Jirani wa chini, Mama Goreti, Mrundi anayefanya kazi hotelini, ndiye aliyetupeleka. Njia nzima alishika usukani kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine. Mimi nilikaa nyuma nimempakata Zuhura kichwa, ninamwomba Mungu asinichukulie mdogo wangu kwa wali wangu mwenyewe.

Hospitali walimtundikia dripu, wakampiga picha. Alasiri wakatuambia hakuna kilichochanika. Chakula kilikwama kwenye tumbo ambalo bado lilikuwa na uvimbe wa kidonda. Ndipo akaja mtaalamu wa lishe, mama wa Kikenya aitwaye Wanjiru. Nilimweleza yote bila kujificha.

“Pole sana, mama,” akasema. “Hukumfanyia kwa ubaya. Lakini tumbo lake sasa ni jembamba kama ndizi, na ndani kuna kidonda. Wewe unapika?”

“Ndiyo kazi yangu.”

“Basi nisaidie. Vyenye protini vianze: samaki, mayai, dengu, mtindi. Sasa hivi visagwe, baadaye viwe laini, na wali ungoje sana. Ale polepole. Maji asinywe pamoja na chakula, angoje kama nusu saa, halafu anywe kidogo kidogo siku nzima. Vitamini ni kila siku, maisha yake yote. Na akisema basi, ni basi.”

Alipotoka nilimwuliza Zuhura kwa nini alikula.

“Ulikuwa unaniangalia, dada,” akasema. Akajiinua kwenye mto. “Unajua zamani nilikuwa nakula wapi? Kwenye gari, nje pale kazini. Peke yangu. Ilikuwa ndiyo saa yangu nzuri ya siku. Sasa hata hiyo sina. Watu hawanialiki tena, wanaona aibu kula mbele yangu.”

Nilimpangusa uso tu.

Wiki zilizofuata nilipika upya. Nilichemsha sato kutoka duka la Waafrika, nikamchambua miiba na kumsaga na mchuzi mwepesi wa ndimu. Dengu niliichuja mara mbili. Yai nililikoroga juu ya moto mdogo mpaka likawa kama uji. Halafu nilikaa naye. Hilo lilinishinda kuliko kupika: dakika thelathini za vijiko vinne, bila kusema “ongeza.” Mwanzoni nilikalia mikono yangu isije ikamwongezea chakula. Baadaye nikazoea kujipakulia kisahani changu, na ndipo Zuhura akaanza kupiga hadithi, za wazee anaowahudumia na vituko vyao. Siku moja alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mama Goreti akawa anapanda Jumapili baada ya misa kukaa nasi.

Siku ya kurudi Zuhura aliniendesha mwenyewe mpaka Dallas. Njiani tulisimama kwenye kituo cha mafuta, akafungua kopo lake, akala yai laini nusu, akafunga. Kwenye uwanja wa ndege nikaanza kumhesabia niliyomwachia kwenye friza: supu, dengu, samaki. Akanishika mikono yote miwili.

“Dada, ukija tena usinipikie. Njoo tukae tu.”

Nyumbani watu wananiuliza nimejifunza nini Marekani. Nawaambia nimejifunza kula taratibu, wanacheka. Nilichojifunza hasa ni kwamba nilikuwa najua kulisha watu mia tatu, na sikujua kula na mtu mmoja. Siku hizi Zuhura hunipigia simu ya video akinywa mtindi wake wa asubuhi, huku kwetu ikiwa alasiri. Huiegemeza simu kwenye chupa ya vitamini. Nami hujipakulia kidogo, nikavuta kiti, tukala.